Pasipoti ya Bibi

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia zipu. Ilifunguka polepole, ikanyamaza, ikafungwa. Baada ya kitambo ikafunguka tena. Nikajua ni Yusra, mjukuu wangu, amechuchumaa gizani anapapasa vitu ndani ya begi jekundu aliloletewa na mama yake.

"Yusra, rudi ulale. Bado mapema."

"Nimeweka khanga zako tatu, bibi. Na ile ya kijani ya kuswalia. Dawa zako nimezitia kwenye soksi."

"Dawa nipe nizibebe mwenyewe kwenye mkoba."

"Haya. Lakini usisahau pasipoti yako."

Nikamwambia sitasahau.

Sikuwa na pasipoti. Sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na safari ya mbali niliyowahi kwenda ni Morogoro, kwenye msiba. Lakini Yusra alikuwa anajua kwamba bibi anayo, kwa sababu bibi mwenyewe alimwonyesha.

Niseme ilivyokuwa. Maryamu, binti yangu wa mwisho, alikwenda Italia Yusra akiwa na miezi kumi. Huko yuko mji unaitwa Bresha, anamtunza bibi mmoja wa Kiitaliano asiyeweza kutembea. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza kitandani. Ameniambia yule bibi humwita "binti yangu". Miaka saba Maryamu amekimbizana na karatasi ili apewe ruhusa ya kumchukua mtoto wake. Mwaka jana ruhusa ikatoka, akaja kwetu Kwedizinga kumchukua. Siku ya safari Yusra aliikumbatia nguzo ya baraza, mikono na miguu. Tulimbembeleza, tukamvuta, majirani wakaja. Basi likapita, ndege ikaruka, ruhusa ikaisha muda wake, na Maryamu akarudi peke yake akiwa na lile begi jekundu lenye nguo mpya ambazo hazikuvaliwa.

Mwaka huu alipata tena. Wakamwambia wazi kwamba hii ni ya mwisho.

Alipofika safari hii, jambo la kwanza Yusra aliuliza, "Na bibi je?" Maryamu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu wa safari. Akasema, "Na bibi pia anakwenda." Hapo ndipo iliponipasa kusema. Nilikuwa nachambua mchicha, nikaendelea kuchambua mchicha.

Mtoto akataka kuiona pasipoti yangu kama alivyoona ya kwake na ya mama yake. Mimi nina daftari la kliniki, la presha, jipya, nililopewa wiki mbili zilizopita Yusra akiwa shule, lina jalada gumu la bluu, nililitia kwenye mfuko wa plastiki lisilowane. Nikalitoa mkobani, nikalionyesha kwa mbali, nikalirudisha. Hakuomba alishike. Ana miaka minane, yuko darasa la pili, anajua kusoma vizuri kuliko mimi. Lakini hakuomba alishike, kwa kuwa hakuwahi kupata sababu ya kunitilia shaka.

Mpango wetu ulikuwa huu: tukifika kwenye mlango wa abiria, Maryamu atatangulia na mtoto, mimi nitasema napita kwenye foleni ya wazee. Wakishavuka, basi. Maryamu alisema mtoto akishaingia kwenye ndege atalia, atachoka, atalala, akiamka amefika. Aliyasema hayo akinikunia nazi, na mimi nilimjibu ndiyo.

Asubuhi ile jirani yetu Siamanta, mama wa Kimasai anayekaa ng'ambo ya korongo, alitukuta tunafunga mlango. Alileta maziwa kwenye chupa ya chai. "Ya mtoto, anywe njiani," akasema. Aliona mizigo ya watu wawili, na mkoba wangu mmoja mdogo. Alinishika bega kidogo tu, kisha akaenda zake. Sijasahau ule mkono.

Tulipanda basi lililotoka Korogwe. Kondakta alimpa Yusra kiti cha dirishani ingawa kilikuwa cha mtu mwingine, naye yule mtu mwingine akanyanyuka bila kinyongo. Yusra alitaja kila kitu kilichopita nje kama anakiaga, mkonge, mahindi, mbuzi, mlima. Mara kwa mara aliniuliza, "Italia kuna mbuzi, bibi?" Nikamjibu tutaona. Kila nikisema "tutaona" Maryamu alikuwa anatazama mikono yake.

Barabarani palikuwa na ujenzi, tukasimamishwa mara mbili. Tulipofika uwanja wa ndege Maryamu alitazama simu akasema tumebakiwa na nusu saa kabla ya abiria kuingia.

"Tule haraka," akasema. "Tangu asubuhi mtoto kanywa maziwa tu. Na bora ale pale." Alionyesha mgahawa uliokuwa pembeni ya ukumbi, hatua chache kutoka kwenye mlango wa vioo wa abiria. "Chakula chao ni kama cha kule. Aanze kuzoea."

Mgahawa wenyewe ulikuwa meza sita na tanuri la chuma. Juu ya kaunta kulikuwa na bendera ya rangi tatu. Tuliketi, nikauning'iniza mkoba wangu nyuma ya kiti, nikawa nasemezana na Yusra Kizigua, maana alikuwa anauliza vile vitu kwenye picha ni nini. Kijana aliyekuja kutuhudumia alisimama na kalamu yake, akasikiliza, kisha akacheka.

"Lo! Leo nyika imehamia uwanja wa ndege. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na wewe uliyetuachia mdomo wazi, wa wapi?"

"Korogwe, Kilole pale. Lakini asili milimani. Msambaa halisi, naitwa Jabiri."

"Ndiyo maana nilipoingia nikasikia harufu ya viazi."

Meza ya jirani waligeuka kwa kicheko chake. "Bibi, usinianze. Ninyi mvua mnaisikia redioni. Leo tulia, Msambaa akulishe, maana Mzigua akishika chungu ni bada tu, asubuhi bada, jioni bada."

"Ugali wa bada ndio uliowalea babu zako waliposhuka kuja kuomba muhogo," nikamwambia.

Yusra alicheka. Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Kwa siku nne nilikuwa sijamsikia akicheka, na Maryamu, ambaye tangu aje hakuwahi kumsikia hata mara moja, alimtazama mtoto wake kama mtu aliyeonyeshwa kitu kisha akaogopa kukigusa.

Jabiri alileta piza moja kubwa na sahani ya spageti. Alitupa sahani tatu bila kuombwa, na ya Yusra akaichagua ndogo. Yusra alianza na spageti.

"Bibi! Tambi hizi hazina sukari!"

"Mpishi ni Msambaa, sukari kaila yeye."

"Nimesikia hiyo!" Jabiri akajibu kutoka kwenye kaunta.

Maryamu alimfundisha mtoto kuzungusha tambi kwenye uma. Zikamponyoka, wakajaribu tena, vidole vya Maryamu juu ya vidole vyake. Yusra hakuuondoa mkono. Nikaona, nikasema moyoni, labda itakuwa kheri. Nikachukua kipande cha piza nikamkatia. Mimi mwenyewe nilikula kidogo. Jibini ilikuwa moto, ilivutika kama ulimbo wa fenesi, na sikuonja ladha yoyote. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Nilijua dakika kumi zijazo nitasimama pale mlangoni nimwambie mtoto huyu maneno ya foleni ya wazee.

Jabiri alirudi kuchukua sahani tupu. Alipopita nyuma yangu aliunyakua mkoba.

Lazima nieleze, kwa asiyejua. Sisi na Wasambaa ni watani. Mtani akikukuta unasafiri, au una arusi, au hata msiba, ana haki ya kukuzuia. Atakushika kofia, atakaa kwenye jeneza, atachukua mzigo wako aseme huendi mpaka umkomboe. Nawe hukasiriki. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko alichokufanyia. Mimi mwenyewe nimewahi kumfungia bwana arusi wa Kisambaa chooni mpaka akaniimbia. Kwa hiyo nilipouona mkoba wangu mikononi mwa Jabiri sikushtuka. Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la pili, maana ningeweza kuudai mapema.

"Mzigua hapiti hapa bila ushuru wa mlima!" akasema, ameukumbatia mkoba kifuani. "Bibi, nionyeshe pasipoti nikuachie. Huna, unabaki hapa. Utaniosha masufuria mpaka mjukuu wako awe na mvi."

"Mwanangu, nipe mkoba, tunachelewa," nikasema.

"Pasipoti kwanza!"

"Anayo!" Yusra alisimama juu ya kiti. Uso wake uling'aa, mchuzi wa nyanya kidevuni. "Bibi yangu anayo! Iko humo, mfuko wa ndani. Ni ya bluu kama yangu. Mwonyeshe, bibi, umshinde!"

"Yusra, keti," Maryamu akasema.

"Mwonyeshe!"

Jabiri alikuwa anacheka bado. Akamwinamishia mtoto mkoba, kama watani wafanyavyo, ili mtoto amkomboe bibi yake. Na Yusra akatia mkono, akatoa ule mfuko wa plastiki, akauinua juu mbele ya uso wake. "Unaona?" akasema. "Unaona sasa, Msambaa?"

Kisha akalitoa daftari kwenye plastiki ili amfungulie ukurasa wa picha.

Nilitaka kusema neno. Naapa nilitaka. Lakini nilikuwa nimezoea: kila mwezi, tukirudi kutoka kliniki ya Handeni, Yusra ndiye hunisomea daftari, na mimi hunyamaza nimsikilize. Nikanyamaza.

Akasoma kwa sauti, kwa kidole, kama tulivyozoea. "Kliniki ya… shinikizo la damu. Jina, Mwantumu…" Akaacha. Akafungua mbele. Akatafuta picha. Akafungua mwisho, palipoandikwa na daktari wiki mbili zilizopita. "Tarehe ya kurudi, kumi na nne."

Alishuka kwenye kiti.

"Bibi, tarehe kumi na nne ni Jumanne ijayo."

"Ndiyo, mama."

"Jumanne ijayo si utakuwa Italia?"

Jabiri alitazama daftari, akanitazama mimi, akamtazama Maryamu. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Aliuweka mkoba mezani taratibu sana, akarudi nyuma hatua moja, akabaki pale na mikono yake mitupu.

"Mama alisema unakwenda," Yusra akasema. "Na wewe ulisema?"

"Nilisema."

"Ulisema uwongo."

"Nilisema uwongo."

Nilingoja alie. Nilingoja aikumbatie meza kama alivyoikumbatia nguzo ya baraza, na niseme ukweli wote, sehemu moja ya moyo wangu ilimwomba aikumbatie. Kama angelishika kiti tu, sidhani kama mimi ningeweza kumbandua. Maryamu alijua. Alikuwa ameweka mkono mdomoni na machozi yanapita juu ya vidole, lakini hakumgusa.

Yusra hakulia. Alilifunga daftari, akalirudisha kwenye plastiki, akaukunja mfuko vizuri kama nilivyomfundisha maji yasiingie. Akaliweka mbele yangu. Halafu akalivuta begi jekundu karibu, akafungua zipu.

Akaitoa khanga ya kwanza akaniwekea mapajani. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Hakuzirusha. Alizipanga moja juu ya nyingine, akalainisha mikunjo kwa kiganja.

"Utavaa nini nyumbani," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Akatoa ile ya kijani ya kuswalia. Ndiyo niliyombebea mgongoni alipokuwa mdogo, imechakaa katikati hata ukiinyoosha kwenye mwanga unaona mtu upande wa pili.

"Hiyo baki nayo," nikamwambia. "Hiyo nakupa. Kwa kweli nakupa, Yusra."

Akaiweka juu ya zile tatu. Akafunga zipu. Akasimama upande wa mama yake, hakumshika mkono, akasema, "Twende."

Piza yake ilibaki sahanini na alama ya meno yake.

Sikuvuka mlango wa vioo, maana asiye na tiketi haruhusiwi. Askari wa pale, binti mdogo mwenye sare iliyompwaya, aliona jinsi nilivyosimama, akanivutia kiti akakiweka pembeni karibu na kioo. Akasema, "Kaa hapo bibi, utawaona mpaka kwenye mashine." Nikakaa. Niliwaona. Niliona Yusra anavua viatu, anaviweka kwenye sinia lao la plastiki, kimoja kando ya kingine. Nikamwona anapita. Nikapiga kioo kwa kidole, taratibu, wasije wakanifukuza. Alikuwa anatazama ukuta.

Maryamu aligeuka. Alinipungia, kisha akainama akaushika mkono wa mtoto kwenye kifundo, akauinua, akaupunga kwa niaba yake. Ule mkono ulikwenda huku na huku kama wa mtoto wa bandia. Alipouachia ukaanguka. Wakakata kona.

Nilikaa kwenye kile kiti sijui muda gani. Jabiri ndiye aliyekuja. Alichuchumaa sakafuni na aproni yake yenye unga, kichwa kikawa chini ya magoti yangu.

"Bibi, nisamehe. Wallahi sikujua."

"Mtani haombwi radhi wala haombi," nikamwambia. "Hukufanya kitu. Uliushika mkoba tu. Kilichokuwamo nilikitia mimi."

Mkononi alikuwa na boksi la piza iliyobaki, na mfuko mwingine mweusi.

"Unarudi lini?"

"Kesho. Leo nalala kwa mpwa wangu, Kimara."

"Sijui nikuombe vipi baada ya haya." Alikuwa anatazama sakafu. "Mama yangu yupo Kilole, peke yake. Huu mwaka wa pili sijakwenda. Kila nikipanga, zamu inabadilishwa. Humu kuna viatu, ana miguu inavimba, na dawa ya kuchua. Nimekaa navyo tangu Ramadhani. Basi likikufikisha Korogwe, kama utaweza…"

Ningeshuka njiani, kabla ya Korogwe, nikawahi nyumbani. Lakini nyumbani kulikuwa na nini? Nikaupokea mfuko na lile boksi.

Kesho yake mchana niliuliza nyumba ya Mama Jabiri pale Kilole, nikaonyeshwa. Nilimkuta mama mnene kidogo kuliko mimi, ameketi mlangoni, miguu ameiegesha kwenye kigoda kingine. Nilipojitaja na kumwambia nimetumwa na Jabiri kutoka uwanja wa ndege, alitaka kusimama, akashindwa, akacheka.

"Mzigua! Ameona hakuna mtu wa kumtuma ila Mzigua! Umeniletea au umevila njiani?"

"Viatu vilinishinda kutafuna," nikamwambia. Sauti yangu haikuwa na utani ndani yake, naye akaisikia. Akaacha kucheka, akasema nikae.

Alivijaribu viatu. Mguu mmoja uliingia, mwingine haukuingia, umevimba mno. Akasema vizuri sana, vimemkaa sawa. Akauliza kama Jabiri amenenepa. Akauliza kama analala vizuri, kama ana mke, kama bado anakunja uso akicheka. Nilimjibu niliyoyajua. Nisiyoyajua nilimwambia sijui. Tangu jana nilikuwa nimejikataza uwongo.

Aliwasha jiko la mkaa, akaweka chai, akataka tupashe ile piza juu ya kikaango. Alifungua boksi. Vipande vitatu vilikuwa vizima, cha nne kiliumwa. Akakitazama, akanitazama. Vile vitatu akavipasha. Kile kilichoumwa alikifunga kwenye karatasi safi, akakirudisha boksini upande wangu. Hakuuliza ni meno ya nani.

Tulikula piza ya uwanja wa ndege, imekauka kama kiatu, tukaichovya kwenye chai. Yeye alisema ni chapati iliyopata ajali. Nilimweleza yote hapo. Sikulia, lakini nilisema polepole, na kila niliposimama alinimiminia chai hata kama kikombe kilikuwa kimejaa.

Simu iliita saa tisa na kitu. Maryamu. Alisema wamefika salama, baridi ni kali, yule bibi wa Kiitaliano amempa Yusra chokoleti na kumshika mashavu.

"Nipe niongee naye."

Nikasikia anamwita. Nikasikia televisheni inasema kwa lugha nisiyoijua. Kisha Maryamu akasema, "Mama, hataki. Nimemwekea simu sikioni. Sema tu, anasikia."

Nikasema, "Yusra." Nikasema, "Nikifika nyumbani nitamwambia Mama Siamanta kwamba umefika salama. Yule kuku wako mwekundu ameanza kulalia mayai, nilimwona jana asubuhi tulipotoka, sikuwahi kukwambia." Nikangoja. "Yusra, bibi yako alikosea." Nilisikia anapumua. Anapumua kwa pua, huwa anafanya hivyo akizuia kitu. Nikataka kumwambia nitakuja kumwona. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikayameza, maana Italia sitafika, na nikisema tena ninalojua halitakuwa, nitakuwa sina kitu kilichobaki kwake hata kidogo. Nikabaki nimeshika simu. Yeye huko anapumua, mimi huku napumua. Halafu ikakatika, sijui ni mtandao au ni kidole cha nani.

Mama Jabiri alikuwa ameinamisha kichwa, anachokoa mkaa ambao haukuhitaji kuchokolewa.

"Ni mdogo," akasema. "Atasahau."

"Akisahau uwongo atasahau na mimi," nikamwambia. "Vyote vimo kwenye siku moja."

Hakunibishia. Namshukuru kwa hilo.

Jua lilipoanza kuteremka nilisema nikatafute gari la kwenda Handeni kabla halijajaa. Alikataa kuniaga akiwa ameketi. Alishika ukuta, akavaa kile kiatu kimoja kilichomwingia, mguu wa pili ukabaki peku, akanisindikiza hatua kwa hatua mpaka kwenye njia. Ilituchukua muda. Tulisimama mara tatu apumue. Kila tukisimama alinishika mkono, na mara ya tatu hakuuachia.

Wanafunzi walikuwa wanapita, wasichana wa rika la Yusra, wamevua viatu wamevishika mkononi visichafuke. Nikageuza uso. Yeye akasogea akasimama kati yangu na wao, mwili wake mnene ukanikinga, mpaka wakapita.

"Mzigua," akasema.

"Naam."

"Jabiri husema atakuja. Kila Idi. Nami humpikia." Akavuta pumzi. "Wewe usiniambie utakuja kama hutakuja. Nimechoka kupika vya kumwagia kuku. Kama njia ni ndefu, sema ni ndefu. Kama huwezi, sema sasa hivi, hapa, nikusikie." Mkono wake ulikuwa wa moto, umenibana kifundo pale pale Maryamu alipomshika mtoto. "Lakini njoo. Njoo tena, dada yangu. Njoo hata siku moja tu."